Kamera Haina Paji la Uso

"Wewe hapo getini! Unaonekana! Ondoka mara moja!"

Dibakar Karmakar aliisema sentensi hiyo kwa mara ya sita, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mtungi wa maji jikoni, na kwa mara ya sita baba yake akatikisa kichwa. Mzee alikuwa amekaa kizingitini akitafuna bisi za mchele kwa pilipili mbichi.

"Humtishi hata paka," akasema Mzee Haradhan. "Unamfukuza mwizi au unamkaribisha chai?"

Jhuma, mke wa Dibakar, alijiziba mdomo kwa ncha ya sari ili kicheko chake kisiingie kwenye rekodi. Kampuni ya kamera, iliyoko mji wa mbali wa Noida, ilikuwa imeleta sauti yake ya kufukuzia wezi, ya bibi mmoja mwenye Kihindi cha redioni, lakini meneja wa mradi akaikataa. Alisema wezi wa hapa Adityapur wakiisikia sauti ile watakaa chini waisikilize. Ilitakiwa sauti ya mwanamume, mtu wa huku huku, na iwe kali. Fundi wa kamera alikuwa Dibakar, basi kazi ikamwangukia yeye.

"Haya, nifundishe basi, Baba. Miaka minane wewe unafukuza watu getini."

"Sauti haitoki kooni. Inatoka hapa." Mzee alijipiga tumboni, na bisi kadhaa zikamwanguka mapajani. "Halafu usimfikirie mtu. Hilo ndilo kosa lako, unamfikiria mtu. Ukishaanza kuwaza kwamba mwizi naye ana mama yake, umekwisha. Piga kelele kana kwamba pale hakuna mtu."

Dibakar akavuta pumzi mpaka tumboni, akaifokea simu. Kuku wa jirani alikurupuka chini ya dirisha. Jhuma akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Angalau hiyo," akasema mzee. "Pale kwenye 'mara moja' bado unalegea. Lakini basi, watu tuna njaa."

Walicheka wote watatu. Dibakar naye alicheka, akaitia simu mfukoni, akakaa mbele ya sahani ya wali na dengu. Kulikuwa na jambo alilolijua tangu jana yake ambalo baba yake hakulijua, na kila alipofungua kinywa kulisema, kinywa kiliingiza tonge.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Bwana Ojha, meneja wa mradi, alimwita kwenye ofisi yake ya mabati akamweleza kwamba kamera zitajaribiwa kwa siku kumi. Kama katika siku hizo hapatakuwa na kamera hata moja itakayozimika kwa zaidi ya dakika tano, eneo lote la ujenzi litalindwa kutoka Noida, na watu waliokaa kwenye viti vya kuzunguka mbele ya skrini. Walinzi wawili wa getini wataondolewa. Na yeye Dibakar, ambaye mpaka leo alikuwa kibarua wa kupandisha nguzo na kuunganisha nyaya, ataajiriwa kwa barua: maeneo matano ya ujenzi chini yake, mshahara wa kila mwezi, kadi ya matibabu ya familia. Ojha alimpiga bega akamwambia bahati imemjia yenyewe mpaka mlangoni.

Mmoja wa walinzi hao wawili alikuwa Haradhan.

Ojha hakujua kwamba anazungumza na mtoto wa mlinzi wake. Katika fomu ya kampuni palikuwa na swali kama fundi ana ndugu katika eneo la kazi, na Dibakar alikuwa ameandika hana, kwa sababu mwenye ndugu hakuchukuliwa. Akina Karmakar wako Adityapur wengi kama kunguru, hakuna aliyeuliza zaidi. Basi kule kazini baba alimwita mwanawe "Bwana Fundi", na mwana akamwita baba yake "Mlinzi", na jioni nyumbani waliigizana wakacheka. Vibarua waliokuwa wakijua walinyamaza, kwa kuwa kila mmoja alimpenda mzee yule aliyewawekea maji ya kunywa kivulini.

Dibakar aliamua kwamba atamwambia jaribio litakapokwisha, barua ikiwa mkononi. Kesho yake akaamua hivyo hivyo. Na kesho kutwa yake.

*

Eneo lenyewe lilikuwa la ghala kubwa la baridi, kandokando ya barabara ya Kandra. Dibakar alisimika nguzo tisa kwa mikono yake: getini, penye nondo, penye saruji, kwenye tangi la dizeli, kwenye mashine ya zege, kwenye kreni, na pembe tatu za ukuta. Kila nguzo alitembea na mzee, maana mlinzi ndiye mwenye funguo, na mzee alibeba ngazi ingawa aliambiwa aiache. Kamera zenyewe zilikuwa za duara, nyeusi, mfano wa bakuli lililofunikwa. Mzee alizitazama sana.

"Mwanzo wake wapi, mwisho wake wapi?" aliuliza.

"Inaona pande zote, Mlinzi."

"Maskini. Hata kulala haiwezi kugeukia ukutani."

Kisha ikaja kazi ya nyuso. Kamera ya getini ilipaswa kufundishwa watu wake, kibarua mmoja mmoja, ili ijue nani wa hapa na nani mgeni. Mgeni akisimama getini kabla ya saa za kazi, simu ya Dibakar italia na skrini ya Noida itawaka. Kutakuwa na dakika moja ya mtu kubonyeza kwamba huyu anajulikana. Dakika ikipita bila mtu kubonyeza, kipaza sauti cha getini kitasema chenyewe.

Mzee Haradhan alikuwa wa kwanza kupigwa picha. Alifunga vifungo vyote vya sare, mpaka kile cha shingoni, akalowesha nywele akazichana.

"Nicheke au nisicheke, Bwana Fundi?"

"Usicheke, Mlinzi. Ikuone kama ulivyo."

Akakaza uso, akasimama kama anayeapishwa. Simu ikalia kidogo na kuandika: anajulikana. Mzee alifurahi, akataka aonyeshwe mara ya pili.

*

Siku ya saba ya jaribio ilikuwa tarehe kumi na saba Septemba, siku ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Siku hiyo mashine hazifanyi kazi. Zinaoshwa, zinavishwa maua, zinapakwa liwa na unga mwekundu, zinapewa ndizi na peremende za sukari, na watu wanakula khichuri, mseto wa wali na dengu, kwenye sahani za majani. Akina Karmakar ni wahunzi tangu mababu, na siku hiyo huiona kuwa yao kuliko ya watu wengine. Mzee Haradhan aliondoka nyumbani alfajiri na mfuko wa maua akiimba puani.

Dibakar alitumwa Chandil, mwendo wa saa moja kwa pikipiki, kwenda kukagua nguzo ya eneo jingine. Alikuwa juu ya ngazi simu ilipotetemeka. Kamera namba moja: picha imezibwa.

Akadhani ni tiara. Siku ya Vishwakarma anga hujaa tiara, na zikikatika uzi huangukia popote. Alishuka kipandio kimoja. Simu ikatetemeka tena. Kamera namba mbili: picha imezibwa. Alipofika chini ilikuwa namba tatu, na hapo akaacha kuwaza tiara, kwa sababu zilikuwa zikizibwa kwa mpangilio ule ule aliozisimika. Nani aliyeujua mpangilio ule?

Namba nne. Namba tano. Alifungua picha ya namba sita akaikodolea macho. Aliona uwanja, vibarua waliovaa mashati safi, sanamu ya udongo chini ya turubai. Akaona ncha ya ngazi ikiegemezwa. Zikapanda nywele nyeupe zilizochanwa kwa maji, kisha miwani, kisha uso mzima wa baba yake, ulimi ukiwa umebanwa kwa meno kama anayetunga uzi kwenye sindano. Mkono wa kushoto ulishika bakuli la majani. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu.

Kamera haikuleta sauti, lakini Dibakar aliifahamu midomo ile. Alipokuwa mdogo mzee alimpeleka kila mwaka kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma alikofanya kazi zamani, akapaka nyundo, akapaka koleo, akapaka tanuri, na mwishoni akampaka yeye kwenye paji la uso na kumtaja jina ili mungu wa mafundi asije akamsahau. Sasa alikuwa akilitaja tena. Dibakar. Kisha kidole gumba kikaja, kikajaa kwenye skrini, picha ikawa nyekundu, halafu haikuwa na kitu.

Alipiga simu ya mzee. Iliita ikakatika, iliita ikakatika. Bila shaka ilikuwa kwenye kibanda cha getini inachajiwa. Kulikuwa na njia nyingine. Kipaza sauti cha getini kinasikika uwanja mzima, na Dibakar angeweza kuzungumza humo moja kwa moja kutoka kwenye simu yake. Alibonyeza, akafungua kinywa. Yote yanayosemwa humo yanarekodiwa Noida. Hakujua amwiteje. Kidole kikaachia chenyewe.

Namba saba ikazimika.

Alikuwa ameshafika nusu ya barabara, pikipiki ikinguruma, jasho likimwingia machoni, alipokumbuka kwamba angeweza tu kusema, "Mlinzi, acha!" Maneno mawili. Alijipiga ngumi juu ya kofia ya pikipiki. Wakati huo simu mfukoni ilikuwa imeshatetemeka mara ya tisa.

*

Aliwakuta mbele ya ofisi ya mabati. Ngoma zilikuwa zimenyamazishwa. Vibarua walisimama mbali kidogo na sahani zao za khichuri, hawali. Bwana Ojha alishika kompyuta ya mkononi mbele ya kifua kama sinia, na ndani yake alikuwamo Bwana Nagpal, mkubwa wa chumba cha Noida, mtu mwenye masharubu membamba na sauti isiyopanda wala kushuka. Mzee Haradhan alisimama mbele ya kompyuta ile, bakuli la liwa bado mkononi, kidole gumba chekundu.

"Kamera tisa kwa dakika arobaini," alikuwa akisema Nagpal. "Wezi wa kawaida huziba moja. Huyu kaziba zote. Hapo uwanjani kuna nondo za mamilioni. Nimwite polisi au tuzungumze?"

"Bwana, ni siku ya ibada," akasema Ojha kwa upole wa mtu anayeogopa. "Mzee amefanya ujinga tu."

"Ibada hata sisi tumefanya, Bwana Ojha. Tumeweka tone moja pembeni ya kompyuta. Hatukuichovya kompyuta kwenye mchuzi."

Kibarua mmoja akacheka kwa pua. Ojha akamkata jicho.

"Nani alikutuma, mzee?" akauliza Nagpal.

"Hakuna aliyenituma, bwana." Mzee alizungumza taratibu, kama alivyozungumza na madereva wa malori. "Kreni ilipakwa, mashine ya zege ikapakwa, hata toroli likapakwa. Nikaona hizi zimekaa juu peke yake, ngeni, hakuna aliyezikumbuka. Nikasema zisije zikaona vibaya."

"Na ukazipaka machoni?"

"Desturi ni paji la uso, bwana. Lori lina paji lake. Kreni inalo. Hizi nimezitafuta paji la uso sikuliona. Zenyewe zote ni jicho."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nagpal alitazama pembeni kidogo, labda na yeye alikuwa na baba mahali fulani, kisha akarudi kwenye kazi yake.

"Sawa. Si mwizi. Lakini jaribio limeharibika siku ya saba. Linaanza upya kesho, na linaanza bila walinzi. Walikuwa waondoke baada ya siku kumi. Sasa wataondoka leo, wote wawili. Wangetangulia kuondoka, haya yasingetokea."

Mzee Haradhan aliyasikia maneno hayo, na Dibakar alimwona akiyasikia. Macho ya mzee yalimwacha Nagpal yakamjia mwanawe, yakakaa hapo muda wa kupepesa, yakaondoka. Halikuwa jicho la hasira, na kwa hiyo lilimchoma zaidi.

"Fundi," akaita Nagpal. "Wewe ndiye uliyeweka orodha ya nyuso. Huyu mtu unamfahamu?"

"Ni mlinzi wa getini, bwana."

"Hilo naliona kwenye sare. Nauliza unamfahamu? Ni mtu wa namna gani? Nikimwacha aende zake bila polisi, utamsimamia?"

Dibakar alilijua jibu. Sentensi ilikuwa fupi. Huyu ni baba yangu. Lakini nyuma yake ilisimama fomu aliyoidanganya, na nyuma ya fomu barua ya kazi, na nyuma ya barua Jhuma na kadi ya matibabu, na sasa kwa kuwa mzee amefukuzwa, nyumba nzima ilikuwa imebaki na mshahara mmoja tu, nao ni huo ambao bado hajaupata.

"Bwana Fundi atanifahamu vipi?" akasema Mzee Haradhan. Alisema kwa haraka, hata akatabasamu. "Yeye ni mtu wa juu ya ngazi, mimi ni mtu wa kufungua geti. Tunasalimiana tu. Mwacheni kijana wa watu, kosa ni langu."

"Fundi?"

"Ni kama anavyosema, bwana," akasema Dibakar.

Vibarua waliokuwa wakijua walitazama sahani zao.

"Basi mtoe kwenye orodha. Sasa hivi, nione."

Dibakar akatoa simu. Picha ilikuwa ya kwanza kabisa juu ya nyingine zote: kifungo cha shingoni kimefungwa, nywele zimelowa, uso umekazwa. Simu iliuliza kama ana hakika. Akabonyeza.

*

"Aliyepaka ndiye atakayefuta," Ojha alitoa amri, na akampa mzee kopo la mafuta ya taa na kitambaa. Alikuwa ametishika mbele ya Noida na sasa alitaka mtu wa kumtisha. "Kamera zote tisa. Fundi, mshikie ngazi, asije akaanguka akatuletea kesi nyingine."

Basi wakazunguka tena nguzo zile zile, kwa mpangilio ule ule. Mzee alipanda akifuta, na mwanawe alishika ngazi chini, matone ya mafuta mekundu yakimdondokea mikononi. Kwenye nguzo ya nne, nyuma ya tangi la dizeli ambako hakuna mtu, Dibakar akanong'ona.

"Baba."

"Nyamaza. Jicho linasikia."

"Hili halina sikio. La getini tu ndilo linalo."

Kitambaa kilizunguka juu yake, kikazunguka. "Ulikuwa unajua kwamba tutaondolewa?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu... tangu kabla ya siku ile ya kurekodi sauti."

Kitambaa kikasimama. Dibakar hakuthubutu kutazama juu. Aliona viatu vya sare vya baba yake, soli iliyotoboka na kuzibwa kwa kipande cha tairi, na alitamani mzee atukane, ashuke ampige kibao, afanye lolote.

"Ungeniambia," akasema mzee hatimaye. "Ndizi zile nzuri zote nisingeipa mashine."

"Baba, nitakwenda kwa Ojha. Nitamwambia. Sasa hivi."

"Umwambie nini? Ili tukae nyumbani wawili tunatazamana, Jhuma atupikie nini? Mimi nimeshasema hunifahamu. Usinifanye mwongo mbele ya watu." Alishuka kipandio kimoja, akasimama kuvuta pumzi. "Shika ngazi vizuri, Bwana Fundi."

Alimwita hivyo pahali ambapo hakukuwa na mtu wa kusikia. Dibakar alishika ngazi kwa mikono miwili mpaka ya tisa.

*

Wiki hiyo mzee hakuwa mgomvi. Alikunywa chai yake, alimtengenezea Jhuma mguu wa kitanda, alikwenda sokoni akarudi. Lakini kila alfajiri aliamka saa yake ya kazi, akavaa, akakaa kizingitini akitazama njia. Jhuma, aliyeelezwa yote usiku ule ule, alipunguza maneno na mumewe yakabaki yale ya lazima tu: maji yapo, nguo zimekauka.

"Wewe ni mtu wa namna gani?" alimuuliza mara moja, akipepeta mchele, bila kumtazama. "Hata mimi nikiulizwa utasema tunasalimiana tu?"

Dibakar alitazama simu. Siku hizo alikuwa akiitazama simu kama mama wa mtoto mwenye homa. Aliamka nayo, alikwenda nayo chooni. Kamera tisa, zote kijani. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Siku ya tano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, walikuwa jikoni. Jhuma alikuwa akikaanga mikate. Mzee alikuwa ametoka mapema na mfuko, na hakusema aendako. Simu ikalia.

Mtu asiyejulikana. Geti kuu.

Dibakar akaifungua. Lori la maziwa lilipita barabarani, vumbi likatua, na katikati ya picha alisimama baba yake. Alikuwa amevaa shati la nyumbani. Mkononi alikuwa na sare iliyokunjwa vizuri kama ya dukani, na juu yake filimbi na kurunzi. Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri ilikuwa imemtaka avirudishe mwenyewe getini kabla ya kupewa malipo yake ya mwisho. Geti lilikuwa limefungwa. Hakukuwa na mlinzi wa kulifungua. Mzee alitazama kibanda chake kitupu, akatazama saa, akasimama kungoja.

Chini ya picha kulikuwa na vitufe viwili, na kati yao namba zilizokuwa zikishuka. Hamsini na nne. Hamsini na tatu.

"Nini?" Jhuma alisogea na kijiko mkononi. "Si Baba huyu? Anafanya nini pale?"

"Anarudisha sare."

"Hizo namba za nini?"

Hakujibu, lakini Jhuma hakuwa mjinga. Alikuwapo siku ya kurekodi. Alitazama vitufe, akatazama uso wa mumewe.

"Bonyeza basi."

"Nikibonyeza jina langu linatokea Noida. Wataniuliza nimemjuaje. Mtu niliyemfuta mwenyewe mbele yao."

"Waambie ni mlinzi wa zamani!"

"Wa zamani hayumo kwenye orodha. Nagpal atasema, asubuhi hii, mtu yule yule, na fundi yule yule anamfungulia. Wataanza kuchimba, Jhuma. Fomu ile wanayo."

"Bonyeza, Dibakar!"

Thelathini na moja. Mzee aliweka mfuko chini, akapangusa miwani kwa ncha ya shati. Labda atachoka, Dibakar aliwaza. Labda atakwenda kukaa kwenye kibanda cha chai cha ng'ambo, kama ana akili atakwenda kukaa, mtu gani anasimama geti limefungwa? Ondoka, Baba. Alijikuta akimwomba, kimoyomoyo, kwa maneno yale yale. Ondoka, ondoka mara moja.

Kumi na tisa. Jhuma akanyoosha mkono wake wenye unga. Dibakar aliuvuta mkono wenye simu, akauficha ubavuni kama mtoto anayenyang'anywa kitu. Hakuwa amekusudia, mkono ulifanya wenyewe. Wakatazamana. Jhuma akaurudisha mkono wake polepole, na kwenye kikaango mkate ukaanza kuungua.

Simu ikasema, kwa sauti ndogo ya mbali, na kule getini ikasema kwa sauti ya kuamsha barabara nzima:

"Wewe hapo getini! Unaonekana! Ondoka mara moja!"

Kwenye picha mzee alishtuka. Kisha akainua uso. Aliitambua. Alisimama wima, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mzazi aliyekuja shuleni kumsikiliza mtoto akisoma mbele ya wenzake. Sauti ikarudia mara ya pili, kama ilivyopangwa, na mzee aliisikiliza mpaka mwisho. Alitingisha kichwa kidogo, kukubali. Akaokota mfuko, akaning'iniza sare na filimbi kwenye komeo la geti, akaweka kurunzi chini pasipolowa, akavuka barabara bila kugeuka nyuma.

Simu ikaandika: mtu ameondoka. Kutoka Noida ukaja ujumbe wa neno moja, wa pongezi.

*

Mzee alirudi mchana. Alinawa miguu, akaketi mahali pake, na Jhuma akampakulia yeye kwanza. Dibakar alikaa upande wa pili wa sahani, hakuinua macho. Alikuwa ameandaa maneno tangu asubuhi, na yote yalikuwa yameisha kabla mzee hajafika. Kilichobaki ni aibu tu, na aibu ile ilikuwa nzito kuliko nguzo zote tisa.

Mzee Haradhan alichanganya wali na dengu kwa vidole vyake, polepole. Kucha ya kidole gumba bado ilikuwa na wekundu ambao mafuta ya taa hayakuutoa.

"Pale kwenye 'mara moja' hulegei tena," akasema. "Naona umeacha kumfikiria mtu."

Akatia tonge mdomoni, akalitafuna, akalimeza.

"Inatisha vizuri. Hata mimi niliondoka."